Mbao Iliyotiwa Dawa Si Kuni

Tazama nguzo za nyaya za umeme ama za simu. Nyingine zimesimama katika udongo miaka mingi, wala mchwa hawazili. Lakini ukichimbia mti wa kawaida karibu nazo, pengine baada ya miaka michache umekwisha kuoza. Sababu yake si aina ya mti tu. Nguzo ile imenyweshwa dawa, na dawa ile ni sumu. Tunataka kueleza neno hili vizuri, kwa maana nguzo ya zamani ikianguka, watu huileta nyumbani na kuipasua kuni.

Ukipaka mbao dawa kwa burashi, dawa inabaki juu tu. Mwaka 1838 Mwingereza mmoja, John Bethell, alionyesha njia iliyo bora. Mbao zinatiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, na mlango wake unafungwa kwa nguvu. Mashine inavuta hewa iliyo ndani ya mti. Kisha dawa inaingizwa, na mashine inaisukuma mpaka ipenye ndani. Bethell alitumia kreosoti, mafuta meusi yanayotoka katika lami ya makaa ya mawe. Harufu yake ni kali, nayo huchoma ngozi, zaidi juani.

Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1933, Sonti Kamesam wa Uhindi alitengeneza dawa ya vitu vitatu. Shaba inaua ukungu unaoozesha mti. Arseniki inaua mchwa na wadudu wengine. Kromi inavishika hivyo viwili ndani ya mti, visitoke mvua inaponyesha. Mbao hiyo ikiwa mpya ina rangi ya kijani kidogo. Ikizeeka inakuwa ya kijivu kama mbao nyingine zote, na macho hayawezi tena kuitambua.

Je, nguzo hii inamdhuru mtu anayepita? Hapana. Ikisimama mahali pake, yatosha watoto wanaoichezea wanawe mikono kabla ya kula. Hatari kubwa ni moto. Mti unaungua, lakini arseniki haiungui ikaisha. Sehemu yake inapanda na moshi, na iliyo nyingi inabaki katika majivu.

Mwaka 1984 waganga wa Marekani waliandika habari za jamaa moja ya watu wanane katika shamba la Wisconsin. Kwa miaka mitatu hivi waliugua, zaidi wakati wa baridi. Nywele zilikatika, damu ikatoka puani, ngozi ikawasha, misuli ikakaza, wengine wakazimia. Watoto wawili wadogo waliteseka kuliko wote. Mwisho sababu ilionekana: katika jiko la kupasha nyumba moto walichoma vipande vya mbao zenye dawa hii. Walidhani ni kuni kama kuni nyingine.

Mama, fikiri sasa juu ya majivu. Kwetu yana kazi nyingi: tunasugulia sufuria, tunayatia katika shamba la mboga, tunayachanganya na maharagi ili wadudu wasile. Majivu ya kuni safi hayana neno. Lakini majivu ya mbao yenye dawa ni sumu tupu, hata kiganja kimoja chaweza kuua. Ng'ombe huyapenda kwa sababu yana ladha ya chumvi. Wengi wamekufa kwa kuyalamba.

Kwa hiyo, mti usioujua ulikotoka usiupikie. Usiuchome makala wala usichomee matofali. Seremala akiupasua afanye kazi nje, afunge kitambaa puani, na afue nguo zake mbali na nguo za watoto. Unga wake usitandikwe chini ya kuku. Usifanye nao kinu, mwiko, ubao wa kukatia nyama ama kihori cha mifugo. Vipande vilivyobaki vizikwe mbali na kisima na kijito.

Tangu mwisho wa mwaka 2003 watengenezaji wa Marekani wameacha kutia arseniki katika mbao za nyumba; wanatumia dawa nyingine za shaba. (Hizo hula misumari ya kawaida, basi fundi atumie misumari iliyopakwa zinki.) Mbao hizo mpya pia zisichomwe. Na zile za zamani zingali ziko.

Mtu akivuta moshi huo, mtoe nje penye hewa. Mtoto akila majivu, usimtapishe. Mwoshe kinywa na mikono, umlete hospitali upesi, hata kama bado anacheza. Dalili ni kutapika, tumbo kuuma sana na kuhara maji kama maji ya mchele. Wengine hudhani ni kipindupindu. Basi uje na kipande cha mti ule, ama majivu kidogo ndani ya chupa iliyofungwa, umwonyeshe mganga.