Chumvi Ndani ya Tundu la Chaji

Malalamiko yanayofika kwa fundi simu katika visiwa vya Lamu hayana aina nyingi. Kuna simu isiyoingiza chaji kabisa. Kuna inayoingiza ukiushika waya kwa pembe fulani, ukiuachia inakata. Kuna inayoonyesha alama ya chaji usiku kucha, na asubuhi asilimia ni zile zile za jana. Na kuna ile ya kisasa kidogo inayotoa onyo la tone la maji, ilhali mwenyewe anaapa haijaguswa na maji wiki nzima. Aghalabu mwenye simu ameshatoa hukumu kabla hajafika kwa fundi: betri imekufa. Lakini kwa simu inayotoka Chundwa, kijiji cha kisiwa cha Pate kilicho jirani na Mbwajumwali na Kizingitini, mimi ningeanza kushuku chumvi.

Chumvi haina haja ya simu kutumbukia baharini. Safari ya mashua kutoka Lamu hadi Mtangawanda, hasa kusi linapovuma, yatosha kumrushia abiria marasharasha mpaka mfukoni. Mvuvi anapokea simu ya mnunuzi wa kamba na mikono bado mibichi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kwa hiyo tone moja dogo likikauka huacha karibu miligramu mbili. Ni kiasi cha kupuuzwa jikoni, lakini tundu la chaji la aina ya C halifiki sentimita moja kwa upana na ndani yake mna pini 24, zile za safu moja zikipishana kwa nusu milimita. Chembe mbili tatu za chumvi zinaweza kukaa juu ya pini kadhaa kwa pamoja.

Maadamu chumvi hiyo ni kavu, haina madhara makubwa. Tatizo ni kwamba pwani haikauki. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani na kugeuka majimaji unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na huku kwetu kiwango hicho huvukwa mara nyingi, usiku hasa. Ndiyo sababu chumvi ya kwenye mkebe huganda. Ya bahari ni mbaya zaidi, kwa kuwa imechanganyika na kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta maji hata katika hewa yenye unyevu wa asilimia 33 tu. Basi yule anayeapa kuwa simu yake haijaguswa na maji anasema kweli. Maji yametoka hewani na kuifuata chumvi iliyobaki tangu safari ya juma lililopita. Simu hupima kama umeme unavuja baina ya pini zisizopaswa kugusana, ikiukuta inatoa onyo na kukataa chaji. Haidanganyi.

Simu za zamani hazina kipimo hicho. Hupokea chaji hivyo hivyo, na hapo ndipo uharibifu unapoanza. Chaja ya kawaida hutoa volti 5. Ukiweka volti hizo kwenye vyuma viwili vilivyounganishwa na maji ya chumvi, chuma cha upande wa chanya huanza kuliwa. Michael Faraday alieleza mwaka 1834 kuwa kiasi cha chuma kinacholiwa hulingana na kiasi cha umeme uliopita. Tukipiga hesabu kwa kanuni yake, mkondo wa miliampea moja ukivuja kwa saa nane, unaweza kuyeyusha miligramu 9 za shaba. Pini yenyewe uzito wake ni miligramu chache. Hata tukikadiria kwamba sehemu kubwa ya mkondo huo huishia kwenye mapovu ya gesi, usiku kadhaa unatosha kuimaliza. Dhahabu iliyopakwa juu ya pini ni nyembamba mno, na ikishatoboka, nikeli na shaba zilizo chini hazina mlinzi. Ule ukoko wa kijani unaouona ndani ya tundu ni shaba iliyokwisha kuliwa.

Chukua waya wako uutazame kichwani, juani. Mara nyingi pini zote zinang'aa isipokuwa moja au mbili zilizopiga weusi kama zimeungua. Hizo ndizo zinazobeba volti 5. Waya wenye kichwa kipana cha mtindo wa zamani upande wa chaja huwa na umeme muda wote, simu iwepo isiwepo, kwa hiyo ukiuacha unaning'inia ukutani katika hewa ya bahari unaendelea kuliwa peke yake. Waya wa C pande zote mbili una afadhali: chaja yake haitoi umeme mpaka itambue kuwa kuna simu. Kuchomoa chaja baada ya kazi, basi, ni zaidi ya kubana matumizi.

Kusafisha kuna kanuni moja, nayo ni kwamba chumvi huondolewa kwa maji yasiyo na chumvi. Kuikausha simu juani au mbele ya feni kunaiacha chumvi pale pale. Mchele nao ni wa pilau. Hauna uwezo wa kutoa chumvi tunduni, na unaacha unga wake humo, hata Apple ilionya wateja wake Januari 2024 wasifanye hivyo. Zima simu, lowesha mswaki laini kwa spiriti ya fundi au maji safi, upitishe tunduni taratibu huku tundu limetazama chini, kisha iache ikauke siku nzima. Hapa mtu wa Pate aangalie anachota wapi, maana visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea hayo ni kurudisha adui nyumbani. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia mvua, ndiyo yafaayo. Sindano na pini za nguo zikae mbali. Kama tundu limejaa nyuzi za mfukoni na mchanga mpaka waya hauzami hadi mwisho, kijiti cha meno cha mti kinatosha.

Simu iliyozama baharini ni habari nyingine. Usiijaribu chaji hata kidogo. Na usijitie moyo kwa kuwa sanduku lilisema haiingii maji, kwani majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi, si ya bahari.

Tundu likiwa safi na tatizo lipo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukianza na waya. Waya mwembamba wa bei ya chini unaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.4, na mkondo wa ampea 2 ukipita humo, volti 0.8 zinapotea njiani. Volti 5 zinafika 4.2, ambazo ni sawa na za betri iliyojaa. Umeme hauna tena msukumo wa kuingia. Wenye sola wana kisa chao. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika 21 hivi jua likiwa kali na hakuna mzigo, na wingu likipita nguvu yake huporomoka. Simu iliyounganishwa moja kwa moja hukata na kushika, kukata na kushika, kioo kikiwaka kila mara na kula kile kidogo kilichoingia. Chajia kwanza betri kubwa au pawabenki, kisha simu ichote humo. Wala usiilaze simu juani kando ya paneli. Betri ya lithiamu ikivuka joto la nyuzi 45 hivi, simu hupunguza chaji au huikata kabisa, nayo ina haki.

Betri huchoka kweli, nyingi hupoteza kama moja ya tano ya uwezo wake baada ya kujazwa mara mia kadhaa, lakini ya namna hiyo huwahi kujaa na huwahi kuisha. Haikatai kuingiza chaji. Iliyofura mpaka inasukuma kioo isibonyezwe wala kutobolewa, ipelekwe kwa fundi. Fundi naye akibadilisha tundu, mwombe akuoneshe bodi kabla hajafunga. Ukoko wa kijani ukiwa bado upo, aioshe kwanza, la sivyo tundu jipya litafuata njia ya lile la zamani kabla ya kaskazi kuingia.