Fahamu: Petroli au dizeli kwa pikapu ya kuvuta tela?

Mmarekani anayenunua Ford Super Duty ya kuvutia tela hukumbana na swali hili mapema. Injini ya petroli ya lita 7.3 ina nguvu za farasi 430 na torki ya Nm 658. Dizeli ya lita 6.7 ina farasi 475, si tofauti ya kutisha, ila torki yake ni Nm 1,424. Hapo ndipo penye siri. Ukipanda mlima na tela la tani 6, dizeli hukwea mshale wa mizunguko ukiwa chini, huku petroli ikishusha gia na kunguruma. Kwenye mteremko, dizeli huubana moshi wake yenyewe ili gari lisikimbie na breki zisiungue.

Bei sasa: dizeli huongeza kama dola 10,000, hudai maji ya urea, na uzito wa injini hupunguza mzigo unaoruhusiwa garini. Safari fupifupi nazo huziba kichujio cha masizi. Kwa mtu wa kuvuta boti wikiendi, dizeli ni mbwembwe tu. Anayevusha farasi Milima ya Rocky kila wiki, alipe.