Ncha za Vidole na Jeraha la Moyo

Tiba ya kugongagonga ni njia ya kutuliza maumivu ya kihisia ambapo mtu, huku akilikumbuka tukio lililomuumiza, hujigonga taratibu kwa ncha za vidole katika sehemu maalumu za uso, kifua na mkono. Haihitaji dawa wala chombo chochote. Duru moja huchukua dakika chache tu, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuishika kwa kutazama mara moja. Wepesi huo ndio ulioieneza haraka, na ndio uliowafanya wataalamu wengi waitilie shaka tangu mwanzo.

Jeraha linalokusudiwa hapa ni kiwewe, ambacho si huzuni ya kawaida wala woga. Mtu aliyenusurika ajali, aliyebakwa, aliyeshuhudia mauaji au aliyeona nyumba yake ikiteketea anaweza kubaki na kumbukumbu isiyokaa mahali pake. Kumbukumbu nyingine huzeeka. Mtu hujua kwamba jambo lilitokea mwaka fulani, likaisha. Kumbukumbu ya kiwewe ni kama haina tarehe. Hurudi na harufu, sauti na mapigo ya moyo ya siku ile ile, mara usingizini kwa jinamizi, mara mchana kweupe kwa sababu ndogo kama mlio wa tairi. Ndani ya ubongo, amigdala, kiungo kidogo chenye umbo la lozi kinachonusa hatari, huendelea kupiga king'ora, na hipokampasi, inayosaidia kuzipa kumbukumbu wakati na mahali pake, huzidiwa. Nchini Rwanda watu waliipa hali hii jina la ihahamuka, neno lenye picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Kwa kuwa king'ora kinalia mwilini, nasaha za "sahau tu, yamepita" hazikifikii. Mgonjwa anajua kwamba yamepita. Mwili wake ndio haujui.

Tiba hii ilianzia California. Karibu na mwaka 1980, mwanasaikolojia Roger Callahan alikuwa akimhudumia mwanamke aliyekuwa na hofu kubwa ya maji. Kwa mujibu wa masimulizi ya Callahan, tiba za kawaida zilikuwa hazijamfikisha mbali. Siku moja mwanamke huyo alisema hofu ile huisikia tumboni. Callahan alikuwa amesoma kidogo elimu ya Kichina ya vitobo vya sindano, inayofundisha kwamba mkondo wa nguvu wa tumbo hupita chini ya jicho, akamwambia ajigonge hapo. Mgonjwa akatangaza kwamba hofu imetoweka, akaelekea kwenye bwawa la kuogelea. Kutokana na kisa hicho Callahan alijenga mfumo mzima, wenye mpangilio wake wa kugonga kwa kila tatizo, na mafunzo ya ngazi za juu aliyauza kwa maelfu ya dola. Mwaka 2001 jarida moja la saikolojia ya tiba lilichapisha makala zake bila kuzipitisha kwenye uhakiki wa kawaida, likaweka ukosoaji mkali kando ya kila moja. Tukio hilo ni nadra katika taaluma, na linaonyesha jinsi wenzake walivyokuwa wakimtazama.

Aliyeifikisha tiba kwa watu wa kawaida ni mwanafunzi wake, Gary Craig, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford. Katikati ya miaka ya 1990 Craig aliifupisha. Alisema hakuna haja ya mpangilio wa hofu na mwingine wa hasira, bali pagongwe sehemu zote kwa mfuatano mmoja, tatizo liwe lolote. Kisha akatoa mwongozo wake bure. Tiba ya kugongagonga inayofundishwa leo katika vituo vya ushauri nasaha mara nyingi ni hiyo ya Craig.

Kikao huanza kwa kuchagua tukio moja. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa "maisha yangu yote yamekuwa mateso" ni mzigo usiobebeka kwa mkupuo. Hutafutwa kipande: dakika lori lilipotokea kwenye kona, au sauti ya mlango ulipovunjwa. Mgonjwa hutaja ukali wa hisia anayoipata wakati huo kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni utulivu kamili na 10 ni ukali usioweza kuzidi. Kipimo hiki hakikubuniwa na wagongaji. Kinatokana na kazi ya Joseph Wolpe, daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini aliyetibu hofu kwa kumsogeza mgonjwa kidogo kidogo kuelekea kile anachokiogopa. Huulizwa pia hisia hiyo inakaa wapi mwilini: kooni, kifuani, tumboni.

Baada ya hapo mgonjwa hugonga ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo, huku akirudia mara tatu kauli yenye pande mbili. Upande mmoja hukiri tatizo, wa pili humpokea mwenye tatizo. Dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori angeweza kusema: "Ingawa bado mwili unanitetemeka nikisikia honi ya lori, najikubali nilivyo." Sehemu ya pili ya kauli hii ilitungwa Marekani, na katika Kiswahili husikika kama viatu vya kuazima. Mtu mzima wa Tanga au Kisumu asiyezoea kusema "najikubali" anaweza kusema "mimi bado ni mtu", "Mungu hajaniacha", au "hapa nilipo sasa niko salama". Linalotakiwa ni kauli ambayo msemaji ataiamini, maana kauli asiyoiamini humrudisha kwenye kujilaumu.

Kisha vidole viwili hupita sehemu nane, kila moja ikigongwa mara tano hadi saba kwa nguvu ya mtu anayebisha hodi asitake kumwamsha mtoto: utosini, mwanzo wa nyusi (upande wa pua), kwenye mfupa wa kando ya jicho, kwenye mfupa wa chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kwenye kibonde kati ya mdomo wa chini na kidevu, chini kidogo ya mtulinga, na ubavuni, kiasi cha upana wa vidole vinne chini ya kwapa. Katika kila sehemu mgonjwa hutamka maneno machache ya kumrudisha kwenye tukio, kama "honi ya lori" au "mtetemo huu". Duru ikiisha huvuta pumzi ndefu na kutaja namba upya. Ikiwa 8 imekuwa 5, duru nyingine hufuata, na kauli hubadilishwa kuwa "ingawa bado nina hofu iliyobaki". Ikiwa haijashuka, mara nyingi kuna kipande kingine kilichojificha nyuma ya kile cha kwanza. Dereva yule yule anaweza kugundua kwamba kinachomtesa zaidi ya honi ni uso wa abiria aliyekuwa amembeba.

Waanzilishi walieleza kwamba kugonga hufungua nguvu iliyoziba katika mikondo ya mwili. Maelezo haya ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Elimu ya maumbile ya mwili haijaonyesha mikondo hiyo kama inavyoonyesha mishipa ya damu na ya fahamu, na kuna jaribio moja linalostahili kukumbukwa kila tiba hii inapotajwa. Mwaka 2003 watafiti Waite na Holder waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi. Kundi moja liligonga sehemu zinazofundishwa, jingine likagonga sehemu nyingine za mkono zisizofundishwa, na la tatu likagonga mwanasesere. Kundi la nne halikugonga chochote. Hofu ilipungua kwa waliogonga wote, hata kwa waliogonga mwanasesere, na haikupungua kwa kundi la nne. Watetezi walijibu kwamba waliogonga mwanasesere walitumia ncha za vidole vyao, nazo zina sehemu za vitobo vya sindano pia. Jibu hilo lina hila, lakini likikubaliwa linaifanya ramani ya sehemu nane isiwe na maana kubwa.

Hata hivyo, kukataa mikondo si kukataa kwamba jambo fulani linatendeka. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa muda, na ubongo hulazimika kuihifadhi upya. Mtu anayeliita tukio la kutisha huku mwili wake ukiwa katika shughuli tulivu, yenye mdundo, pengine huipa kumbukumbu hiyo nafasi ya kuhifadhiwa ikiwa na uchungu pungufu. Aidha, akili ina nafasi finyu. Kufuata mfuatano wa sehemu, kuhesabu na kutamka maneno huila nafasi hiyo, na picha ya tukio hufifia. Maelezo kama haya hutolewa pia kwa tiba ya kusogeza macho iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987, ambayo ushahidi wake ni mzito zaidi. Kuna pia jambo la kawaida ambalo wataalamu huliruka: mgonjwa amepata mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza, amelitaja lisilotajika, na dunia haikuanguka. Uzito wa tiba unaelekea kuwa hapo, na vidole vinafanya kazi ya kushika mlango.

Matokeo ya majaribio yanavutia, nayo yanahitaji kusomwa kwa jicho la pili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 kwa askari wastaafu 59 wa Marekani wenye maradhi ya kiwewe, vikao sita vilitosha kuwatoa wagonjwa wapatao 90 kwa kila 100 kwenye vigezo vya ugonjwa, ilhali katika kundi lililokuwa likisubiri zamu waliotoka ni 4 kwa kila 100. Tofauti ni kubwa mno. Lakini kundi la kusubiri halipewi chochote, hata sikio la kuwasikiliza, na kiongozi wa utafiti, Dawson Church, ni mwalimu na mtetezi wa tiba hiyo hiyo. Jaribio la Scotland la mwaka 2011 lilikuwa dogo, la watu 46, ila mizani yake ilikuwa ya haki zaidi kwa sababu kugongagonga kulishindanishwa na tiba ya kusogeza macho. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana, na waliopona kwa kiasi kikubwa walikuwa wengi kidogo upande wa macho.

Katika Afrika ya Mashariki, Rwanda ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Caroline Sakai na Suzanne Connolly walifika huko wakiwa na mbinu ya Callahan, wakafanya kazi kwanza na yatima waliobaki baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha watu wazima 145 walionusurika. Waliowatibu walikuwa viongozi wa jamii, Wanyarwanda waliofundishwa kwa muda mfupi, na kila mgonjwa alipata kikao kimoja. Dalili zilipungua, na nafuu ilionekana bado ipo miaka miwili baadaye. Nchini Uganda, wahudumu 36 wa jamii walifundishwa kwa njia kama hiyo, na jaribio la watu 256 likatoa picha inayofanana. Dosari ya kundi la kusubiri ipo humo pia. Lakini tafiti hizi zinaonyesha jambo lenye manufaa kwa nchi zenye madaktari wa akili wachache: mgonjwa anaweza kusaidiwa na jirani aliyefundishwa, katika lugha yake, bila kulazimishwa kusimulia kila kitu kilichomfika. Mtu anaweza kugonga akiwa na picha kichwani na asiitamke. Kwa aliyebakwa, au kwa anayeishi kijiji kimoja na waliomuua baba yake, hilo si jambo dogo.

Mashirika makubwa yamebaki na tahadhari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 ulipendekeza tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe na tiba ya kusogeza macho, na kugongagonga hakumo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 uliitaja kama tiba inayostahili kuchunguzwa zaidi, hatua iliyo mbele ya kuikataa na nyuma ya kuikubali. Hoja ya kwamba kugongagonga ndiyo njia pekee inayofaa mahali pasipo wataalamu nayo haisimami. Tiba ya kusimulia maisha, ambapo mgonjwa hupanga matukio yake kwa mfuatano tangu kuzaliwa, ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia katika makazi ya Nakivale, Uganda, na walioiendesha walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Katika maeneo ya Moshi na Bungoma, mpango wa Pamoja Tunaweza uliwatumia watu wasio wataalamu kuwatibu watoto waliofiwa na wazazi. Kwa hiyo mgonjwa anayeweza kuzifikia tiba hizo aanze nazo, na kugongagonga kuwe msaada wa kando wa kushusha pumzi kabla ya kulala au kabla ya kupanda basi.

Matumizi ya peke yake yanafaa kwa misukosuko midogo: hofu ya mtihani, mshtuko wa ajali isiyo na majeruhi, kero ya mkuu wa kazi. Kiwewe kizito kinahitaji mtu wa pili aliyefundishwa, kwa sababu kumbukumbu ikiamshwa yaweza kuja yote kwa pamoja. Mgonjwa huanza kulia asiweze kunyamaza, hutetemeka, au huganda macho kana kwamba hayupo chumbani. Hilo likitokea, maneno ya tukio huachwa mara moja. Kugonga kunaweza kuendelea bila kutamka lolote, miguu ikanyagishwe sakafuni, na mgonjwa ataje vitu vitano anavyoviona pale alipo. Waliozoea hufika kwenye tukio kwa kuzunguka. Huanza na hofu ya kulizungumzia, kisha saa moja kabla ya tukio, na kiini chake hukiacha mwisho, hata kama ni kwa kikao cha siku nyingine. Mwenye mawazo ya kujiua, anayesikia sauti zisizokuwapo, au ambaye bado anaishi na anayempiga, hapaswi kuanzia kwenye vidole. Wa kwanza na wa pili wanahitaji hospitali, na wa tatu anahitaji kwanza mahali pa kulala ambapo hatafikiwa.