Handaki la Kuala Lumpur na Barabara ya Newala

Chini ya jiji la Kuala Lumpur, nchini Malaysia, lipo handaki, yaani njia iliyochimbwa ndani ya ardhi, ambalo tangu mwaka 2007 hufanya kazi mbili ambazo kwa desturi hazikai pamoja: kupitisha magari na kupitisha mafuriko. Urefu wake ni kilometa 9.7 na kipenyo chake cha nje ni mita 13.2, na katika sehemu yake moja zimejengwa barabara mbili, moja juu ya nyingine, huku chini yazo ukiachwa mfereji. Mvua ikinyesha kwa kiasi, maji ya Mto Klang huelekezwa katika mfereji huo na magari huendelea kupita; ikinyesha ile ya kutisha, magari yote huondolewa, milango mikubwa ya chuma hufunguliwa, na handaki zima hugeuka mto, kisha maji yakishapungua husafishwa tope na kurudishiwa magari.

Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, hazihitaji handaki la namna hiyo, lakini wazo lililolizaa, kwamba barabara na njia ya maji zinaweza kuwa chombo kimoja, lina maana kubwa zaidi huko kuliko mtu anavyoweza kudhani. Uwanda wa juu wa Makonde, ambako ndiko Newala ilipo, umefunikwa na udongo wa kichanga unaofyonza mvua upesi, hivyo juu yake hakuna mito, na maji yaliyozama hujitokeza kuwa chemchemi chini kabisa, kwenye miguu ya miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani, na hata mradi wa maji wa Makonde hutegemea pampu zinazoyasukuma kutoka visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, hadi huko juu, kazi inayokula nishati nyingi kila siku.

Mvua yenyewe si haba, ila huja katika msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Wenyeji wamelijua hilo siku nyingi, ndiyo maana wamejenga kando ya nyumba visima vya saruji vya kukinga maji ya paa la bati. Barabara nayo ni paa, tena pana kupita mapaa yote ya kijiji. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa takriban kilometa 210, kila inapowekwa lami huacha kufyonza maji, na maji hayo, yakikusanywa na mitaro na kumwagwa na makalavati, yaani mabomba yanayopita chini ya barabara, hushuka kwenye genge la uwanda kwa nguvu na kuchimba makorongo.

Nchini Kenya, katika kaunti za Makueni na Kitui, wakulima huyachepusha maji ya barabarani kwa mitaro midogo na kuyapeleka kwenye matuta ya mashamba na mabwawa madogo. Na vivuko vya zege vinavyokatiza mito ya mchanga, yaani mito ya msimu yenye kitanda cha mchanga, huinuliwa kidogo ili vizuie mchanga, ambao huhifadhi maji ndani yake hadi kiangazi. Newala haina mito ya mchanga, na bwawa lililochimbwa katika kichanga chake litavuja lisipotandikwa saruji au turubai zito. Maji ya lami, kwa kuwa hubeba mafuta na vumbi la matairi, hayafai kunywewa bila kusafishwa, lakini yanatosha kwa miche ya mikorosho na kufyatulia matofali, na kila ndoo inayotumika huko ni ndoo isiyopandishwa kutoka Mitema. Ukingoni mwa genge pana hatari yake, kwa sababu maji yaliyotuama huweza kulegeza mteremko, hivyo mabwawa sharti yakae mbali nao. Haya yote huamuliwa mezani, mchoro ukiwa bado karatasi, maana kalavati likishafukiwa chini ya lami huelekeza maji upande ule ule kwa miaka mingi.