Linux: Seva mpya inayokataa majina si lazima ifutwe

Kwenye seva mpya ya Ubuntu ao Debian, amri ya kwanza ya fundi ni mara nyingi `apt update`, juu ya kuleta programu za karibuni. Lakini kuna siku mashini inajibu: "Temporary failure resolving". Hakuna kinachoshuka. Wengi wanafikiri intaneti imekatika, wanafuta seva yote na kuanza upya.

Kwa fundi wa Goma, Bukavu ao Butembo, kuanza upya kunakula makuta. Seva ya kukodi inalipwa kwa dola, na mashini yenyewe inaweza kuwa Cape Town ao Ulaya. Kila jaribio linamaliza megabaiti huku mteja akingoja. Na kama data za mteja ziko tayari ndani, kufuta ni kupoteza kazi ya watu.

Ujumbe huo unasema jambo moja tu: seva imeshindwa kugeuza jina kuwa namba. Kazi hiyo ni ya DNS, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Ni kama simu yenye inite za kutosha lakini orodha ya majina imefutika: mwenye kujua namba kwa kichwa bado anaita.

Ndiyo maana jaribio la kwanza ni kuita kwa namba. Fundi anaandika `ping -c 3 1.1.1.1`, kisha `ping -c 3 debian.org`. Namba ikijibu na jina likikataa, njia iko wazi na ugonjwa uko kwenye DNS. Vyote viwili vikikataa, asikate tamaa haraka, kwa sababu kampuni fulani za seva zinazuia ping. Basi ajaribu `curl -I https://1.1.1.1`. Hiyo nayo ikinyamaza, shida ni rezo yenyewe.

Hatua ya pili ni kuangalia seva inamuuliza nani. Amri `cat /etc/resolv.conf` inaonyesha anwani hiyo. Kwenye Ubuntu, watu wengi wanashangaa kukuta 127.0.0.53 na kudhani ni kosa. Si kosa: ni huduma ya systemd-resolved, inayopokea maswali ndani ya mashini na kuyapeleka nje. Anayejibu kwa kweli anaonekana kwa `resolvectl status`. Kama hakuna seva ya DNS iliyoandikwa pale, sababu imepatikana.

Hapo ndipo mtego mkubwa uko. Wengi wanafungua `/etc/resolv.conf` na kuandika 8.8.8.8 kwa mkono. Kila kitu kinatembea, mteja anafurahi. Lakini mashini ikizimwa na kuwashwa, faili ile inaweza kuandikwa upya na shida inarudi, pengine usiku, wakati fundi hayuko. Kwenye Ubuntu, anwani za DNS zinapaswa kuandikwa ndani ya faili za `/etc/netplan`. Kisha fundi anatumia `netplan try`: asipothibitisha ndani ya sekunde 120, seva inarudia mipango ya zamani. Kwa mashini iliyo mbali, ulinzi huo unazuia fundi asijifungie nje.

Kama anwani ni nzuri na bado majina hayajibu, inabaki kuangalia ukuta wa ulinzi, ule wa ndani ya seva na ule wa kwenye ukurasa wa kampuni inayokodisha. DNS inapita kwenye mlango namba 53, kwa UDP na pia kwa TCP. Ukifungwa kuelekea nje, maswali hayatoki.

Shida ya DNS haichagui mdogo wala mkubwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza karibu saa sita duniani kote. Amri moja wakati wa matengenezo ilikata rezo ya ndani ya kampuni, na seva zake za DNS zikapotea kwenye intaneti.

Mbele ya kugusa faili yoyote, fundi atengeneze nakala yake kwa `cp`. Na mbele ya kubonyeza kitufe cha kufuta seva, aite kwanza kwa namba. Jaribio hilo halimalizi hata dakika moja.