Nilivunja ukuta nilioujenga mwenyewe

Ndugu zangu wapambanaji, mimi nauza chakula kwa oda za WhatsApp hapa Kanazi, Ngara. Mwaka jana nikaamua kufungua mgahawa. Kosa langu: nilijenga kwanza, vibali baadaye. Bwana afya alipokuja akakuta jiko halina hewa wala sehemu ya kunawia mikono. Ukuta ukavunjwa, akiba ikaisha.

Usirudie kosa langu. Kabla ya tofali la kwanza, peleka ramani halmashauri uombe kibali cha ujenzi, na bwana afya aione. Zimamoto waulize gesi ikae wapi, mtungi wa kuzimia moto uning'inie wapi. Wapishi na wahudumu wote wapimwe afya. TIN ya TRA ni bure, leseni inafuata. Malipo ya serikali lipa kwa kontroo namba, usimpe mtu mkononi.