Tusisimame Chini ya Mkarafuu Unaochumwa

Kila msimu wa karafuu twazungumza juu ya wachumaji waangukao, na ni haki kuzungumza. Lakini yuko mwingine tunayemsahau, naye ni yule aliye chini: mwokotaji, mchukuzi wa pakacha, na mtoto aliyemfuata mama yake shambani. Huyu haanguki, huangukiwa.

Mkarafuu mkubwa hufika mita 10 na zaidi, na matawi yake ni mepesi kuvunjika, hasa yaliyokauka. Upembo ukimponyoka mchumaji kwa urefu huo, hufika chini kwa sekunde moja na nusu tu, na mwendo wake ni kilomita 50 hivi kwa saa, mwendo wa gari barabarani. Mchumaji akipiga kelele "Jihadharini!", kitu kimekwisha fika. Kwa hiyo kelele peke yake si kinga. Kinga ni kutokuwapo mtu pale chini.

Wenzetu wa mjini wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ilianguka pale Forodhani wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba si mkarafuu, lakini somo ni moja: kilicho juu kikilegea, hakimchagui aliye chini.

Basi kabla ya kupanda, mwenye shamba na auzunguke mti na kutazama juu. Matawi makavu yaangushwe kwanza, hali watu wote wako mbali. Upembo ufungwe kamba kwenye tawi madhubuti. Pakacha lililojaa literemshwe kwa kamba, lisitupwe. Na anayelipokea asimame kando mpaka liguse ardhi. Waokotaji wangoje mchumaji ateremke. Watoto wakae mbali na mti, penye majamvi, pamoja na wanaochambua.

Wako wasemao kwamba kungoja hivyo ni kupoteza wakati, na karafuu zikichelewa hufunguka maua na thamani yake hushuka. Ni kweli. Lakini kichwa kilichopasuka hakingoji bei ya karafuu.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo, ndugu wanachama: kamba ya makumbi na subira kidogo.